Vijiti vya Haban

Vijana wangu wa chumba cha kukaushia mimea, mlinitaka nikuachieni orodha ya mabonde: wapi panaota nini, mwezi gani, gari inafika mpaka wapi na wapi mtu anashuka akaenda kwa miguu. Orodha nimeiweka kwenye droo ya chini ya meza iliyokuwa yangu, pamoja na ufunguo wa kabati la tatu, ambalo halifunguki mpaka ulipige teke kidogo upande wa kushoto. Haya ninayoyaandika hapa hayamo kwenye orodha. Nina miezi miwili tangu nistaafu, na kila asubuhi nikimaliza kahawa nnahisi kuna jambo sikukuambieni. Nyinyi mtapokea simu za hospitali baada yangu, na mtapita njia nilizopita.

Siku yangu ya kwanza nilivaa dishdasha mpya, kanzu ya hapa Maskati, na kofia aliyonishonea mama kwa mkono wake. Nilidhani nitapewa meza. Mkuu wa chumba wakati ule alikuwa Bi Zuwena, mwanamke mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi upande mmoja, mzaliwa wa Unguja kama wazee wangu. Hakunipa meza. Alinipa gazeti la jana na mkasi wa kukatia matawi, akaniambia niende nyuma ya maegesho nikamletee mmea mmoja, wowote. Nikaleta gugu lenye maua ya manjano, nikalitandaza kwenye gazeti jani kwa jani, nikaandika jina, tarehe na mahali. Kwa macho yangu ilikuwa kazi safi.

Bi Zuwena akaitazama, akauliza, "Nani alikuwapo?"

"Mie peke yangu, Bi Zuwena."

"Sikuulizi wewe. Nani anautumia? Mbuzi anaula? Bibi anauchuma? Watoto wanauchezea? Mmea hauishi peke yake duniani, mwanangu. Rudi."

Nilirudi maegesho mara tatu. Mara ya tatu ndipo nilipogundua kuwa mlinzi wa lango hulitafuna gugu lile akiumwa na jino. Nikaliandika hilo, na Bi Zuwena akatoa gundi. Hakunisifu. Alikuwa hasifu mtu. Ukifanya vyema alikuwa anakupa gazeti jengine.

Kwa miaka mingi nilifanya kama alivyonifunza. Magazeti tuliyabana baina ya mbao mbili kwa mikanda, na kila siku tukibadilisha karatasi mpaka mmea ukauke. Nakuusieni: gazeti la karatasi ya kukwaruza linanyonya maji, lile la karatasi ya kung'aa halifai hata kufungia karanga. Mimea ikishakauka huingia kwenye friji ya kugandisha ili wadudu wafe. Mwaka mmoja, karibu na Idi, nilimkuta nguru mzima kalala juu ya mikaratusi ya watu. Mpaka leo hakuna aliyekiri, na mie nimeshamsamehe, kwani nilipelekewa kipande.

Mara kwa mara hospitali zilipiga simu. Mtoto kula jani la bustanini, mbuzi kufa Bawshar, mzee kunywa dawa ya majani aliyoletewa na jirani. Walituletea majani ndani ya mfuko wa plastiki, sisi tukawaambia ni nini. Mara tisa katika kumi haikuwa kitu cha kutisha. Bi Zuwena alikuwa akimaliza kuutambua mmea, anamuuliza daktari maswali mpaka daktari anachoka: nani aliuchuma, kwa nini, waliokuwa naye wako wapi.

Bi Zuwena akafariki, Mwenyezi Mungu amrehemu, nami nikakaa kwenye kiti chake. Kidogo kidogo nikawa mwepesi wa kuandika. Jina, tarehe, mahali. Nilikuwa naujua kila mmea wa mabonde yale, na anayejua kila kitu haoni haja ya kuuliza. Hakuna aliyenirudisha maegesho.

Miaka minne kabla ya kustaafu nikaanza kutembea na mbwa. Alikuwa wa mwenzetu mgeni aliyemaliza mkataba akarudi kwao. Mbwa mwembamba, rangi ya mchanga, akaachwa uani kwa walinzi, na walinzi hawakumtaka. Jina alilopewa na mwenyewe hakuna aliyeweza kulitamka, tukamwita Kiroboto. Daktari wa sukari alikuwa ameniamrisha nitembee, Kiroboto naye alikuwa anatembea tu, basi tukafuatana. Mke wangu akaweka sharti: mbwa havuki lango, na nguo za kutembelea naye zinatundikwa nje, kwenye msumari wao. Nilitii. Nguo zile zilipauka kwa jua mpaka hazikuwa na rangi.

Mama alikuwa akiuita mwisho wa mwaka vuli, ingawa vuli ya Maskati haina mvua. Yeye alilichukua neno Unguja akalitua hapa bila ya mvua yake. Lakini mwezi wa kumi na moja joto linavunjika, na jioni mtu anaweza kutembea bila ya kuhisi kama yumo ndani ya tanuri. Ndio wakati niliopenda kuhesabu mimea. Jumamosi moja baada ya Alasiri nikamchukua Kiroboto mpaka bonde moja juu ya Al Khoudh, lenye maji kidogo yanayopita kwenye changarawe mwaka mzima.

Jioni ile nnaikumbuka yote. Mikunazi ilikuwa na vumbi, tunda bado. Handhal zilikuwa zimelala mchangani kama matikiti ya kuchezea, manjano, chungu hata punda hazigusi. Kichaka cha shakhar kilikuwa na majani yake mazito ya rangi ya majivu na yale matunda yaliyojaa upepo. Kiroboto alilikanyaga moja likapasuka, akaruka nyuma kama aliyepigwa. Kwenye ukingo wa mawe nikaona kijimea cha miba chenye ua moja la zambarau, ambacho hakikuwa na haki ya kuchanua mwezi ule. Nikafurahi. Nilitaka kukipiga picha kabla jua halijapita nyuma ya mlima.

Kabla ya kukifikia nikapita kwenye haban. Nyinyi mnaijua: kichaka kirefu cha ukingoni mwa maji, majani membamba kama ncha ya jambia, kijani hata wakati kila kitu kimekauka. Mti wote ni sumu, jani, ua, gome na utomvu. Mbuzi wa mabondeni wanaujua na hawaukaribii. Siku ile matawi manane yalikuwa yamekatwa, mkato wa kisu, mbichi bado, na majani yake yamepukuswa yakaachwa chungu juu ya mawe. Kiroboto akanusa, akageuza kichwa. Nikatoa daftari nikaandika: "Haban. Matawi manane yamekatwa kwa kisu, leo." Nikalifunga daftari.

Hatua hamsini mbele, nyuma ya jabali, palikuwa na gari mbili, jamvi, watoto wanarusha mawe majini. Mwanamume wa miaka thelathini na kitu alikuwa amechutama mbele ya moto akipepea makaa. Kiroboto akanusa nyama akataka kwenda, nami nikamwita kwa sauti, "Kiroboto! Njoo hapa!"

Watu wote wakacheka. Yule mwanamume akainuka.

"Khaa! Mzee, mbwa wa Maskati anaitwa Kiroboto?"

"Ndilo jina lake, mwanangu."

"Basi ni ndugu yetu huyo. Karibu mishkaki, iko tayari."

"Ahsante. Nna najisi mkononi, sitaki kukuharibieni jamvi lenu."

"Basi nikufungie kwenye mkate uende nao?"

"Sukari hainiruhusu, mwanangu. Kuleni kwa salama."

Mwanamke mwenye buibui, aliyekuwa akikata vitunguu, akaniambia, "Basi hata chai, ami." Birika lilikuwa juu ya mawe matatu, na mumewe, yule aliyenikaribisha, alikuwa akilikoroga kwa kijiti kirefu kilichomenywa gome, kisha akakiacha humo humo ndani. Nikasikia harufu ya iliki. Nikawapungia mkono nikaenda kwenye ua langu la zambarau. Picha ilitoka nzuri.

Nimeshaulizwa, na nimeshajiuliza mwenyewe zaidi, vipi mtu wa kazi kama yangu aone matawi yaliyokatwa, kisha aone nyama imetungwa kwenye vijiti, asiyaunganishe. Nilikuwa natazama mimea. Watu wale niliwaona kama watu, wachangamfu, wenye adabu, na mawazo yangu hayakuwa kwao. Nilirudi nyumbani nikatundika nguo kwenye msumari, nikala wali kwa samaki, nikalala.

Jumapili asubuhi simu ya ofisi ikalia kabla sijavua viatu vya njiani. Daktari wa hospitali moja akaniambia kuwa familia imeletwa jana usiku, wanatapika, na mmoja, mwanamume, moyo wake unapiga polepole na kwa kuruka. Wamepeleka vitu vya pale walipokula, dereva yu njiani. Mfuko ulifika. Ndani yake mlikuwa na vijiti saba vilivyoungua ncha, na kimoja kirefu kisichoungua, kimegeuka rangi ya chai. Kwenye kimoja palikuwa na jani lililosahauliwa. Sikuhitaji kioo cha kukuzia.

Nikampigia daktari. "Haban," nikamwambia. "Na hicho kirefu kilikuwa ndani ya birika la chai. Aliyekunywa chai ndiye aliye hatarini."

"Ahsante," akasema. "Yule mwanamume ndiye aliyekunywa. Wengine walikunywa soda. Amefariki sasa hivi, moyo wake ulikuwa na ugonjwa tangu zamani."

Hakuniuliza nimejuaje kuhusu birika. Nami sikusema. Kwenye ripoti, pale panapoulizwa sampuli imetoka wapi, niliandika: imeletwa na hospitali. Ilikuwa kweli. Kwa maneno hayo matatu ya kweli nilijificha miezi minne na zaidi. Kiroboto nilimwachia mlinzi amtembeze, nikamwambia mke wangu goti linauma.

Mwezi wa nne, maua ya haban yalipoanza kutoka, mwanamke akapiga hodi mlangoni. Alikuwa amevaa buibui jeusi na mkononi ana karatasi iliyokunjwa mara nyingi, nakala ya ripoti yangu. Akasema anaitwa Rayya, mumewe alikuwa akiitwa Harith, na ametoka eda wiki iliyopita.

"Ami, huyu aliyetia sahihi hapa ni wewe?"

Nikasema ndiye.

Akakaa. Akanieleza polepole, kama mtu aliyeyapanga maneno yake siku nyingi. Hospitalini daktari alimwita shemeji yake akamwambia kwa Kiarabu kuwa ni tasammum, yaani kuingiwa na sumu. Neno hilo hilo ndilo linalotumika mtu akila shawarma mbovu. Shemeji akarudi nyumbani na neno hilo tu. Na nyama aliyeitia viungo ni Rayya.

"Nliilaza ndani ya friji, ami, kwa papai na tangawizi, kama anavyofanya mama mkwe wangu mwenyewe. Toka siku ile hali chochote nilichokigusa. Na wanangu hawali mkono wangu. Tunakaa nyumba moja Mabela, yeye chini, siye juu. Mchana anawaita wanangu kwa ngazi washuke kula kwake. Mdogo wangu ana miaka minne. Juzi nlimpa yai, akaniuliza: mama, hili halina ugonjwa?"

Nikafungua kabati la tatu nikamtolea karatasi ya haban, aliyoibana Bi Zuwena mwenyewe. Rayya akalitazama sana lile tawi lililokauka.

"Ndio hii tu?"

"Ndio hii. Si nyama yako. Ni vijiti, na zaidi ni kile cha kukorogea chai. Wewe huna kosa hata chembe."

Akaanza kulia kimya kimya, kisha akanyamaza ghafla, akainua uso. Alikuwa akiisikiliza sauti yangu.

"Wewe ndiye yule mzee wa mbwa," akasema. "Kiroboto."

"Ndiye mie."

"Ulipita. Harith alikukaribisha."

"Alinikaribisha. Nawe ulinikaribisha chai."

"Ulikuwa unaijua haban?"

"Nnaijua miaka thelathini. Na niliyaona matawi pale yalipokatwa, kabla sijafika kwenu. Sikufikiri. Sina jengine la kukwambia, mwanangu. Sikufikiri."

Mie nilikuwa nangoja anitukane, na ningeona nafuu. Yeye akaikunja karatasi yake, mkunjo juu ya mkunjo.

"Mama mkwe hatoniamini mie wala karatasi," akasema. "Utakuja ukamwambie wewe. Na hilo la kupita utalisema vile vile. Yote."

Nikaenda siku ya pili yake, baada ya Alasiri. Nyumba mpya ya Mabela, rangi nyeupe, baiskeli za watoto kwenye ngazi. Bi Shemsa, mama yake Harith, alikuwa amekaa sebuleni, mwanamke wa makamo ya mke wangu, tasbihi mkononi. Tulijuliana hali kwa adabu, tukaulizana wazee wetu walikuwa mtaa gani Unguja, na ikawa babu zetu walisali msikiti mmoja. Hilo lilinifanya nione tabu zaidi. Rayya alisimama kwenye mlango wa jikoni, hakukaa.

Nikatoa tawi bichi nililolifunga ndani ya gazeti, nikamwambia asiliguse, nikamweleza. Nikamweleza mti wenyewe, na moto, na birika, na kwa nini waliokunywa soda walitapika tu wakapona.

"Watoto walikula nyama ile ile, Bi Shemsa. Ingekuwa nyama, wangetangulia wao."

Tasbihi ikasimama. "Mwanangu alikata mwenyewe?"

"Alikata mwenyewe. Hakujua. Wengi hawajui."

"Na wewe umejuaje yote haya, kama mtu aliyekuwapo?"

"Nilikuwapo," nikasema. Nikamwambia matawi manane, daftari, jabali, mkate aliotaka kunifungia Harith, ua la zambarau. Nilipofika kwenye ua nilitaka kuliacha, lakini nilikuwa nimeahidi kusema yote, nikasema.

"Uliona," akasema Bi Shemsa.

"Niliona."

"Ukafanya nini?"

"Niliandika."

Akarudia neno hilo kwa sauti ndogo, kama hajawahi kulisikia. Kisha akafunika uso kwa mtandio wake, mabega yakatikisika. Rayya akapiga hatua, akasita. Ilikuwa miezi mingi hawajagusana.

Bi Shemsa alipofunua uso hakunitazama mie. "Rayya," akaita. "Leo umepika nini?"

"Wali wa nazi, mama. Na mchuzi wa papa. Wa kwangu tu."

"Lete. Waite na watoto."

Rayya akapanda ngazi akashuka na sinia, kijiko kinagonga sahani. Watoto wakaja, wakasimama mbali, wakimtazama bibi yao. Bi Shemsa akanawa mikono. Mie nilikuwa bado nimekaa pale, nikaona si adabu kuondoka bila ya ruhusa, wala si adabu kubaki.

Akanigeukia. "Bwana, umefanya vyema kuja. Mungu akulipe kwa kuja. Lakini mie siwezi kula na wewe. Nenda kwa salama."

Nikainuka, nikachukua gazeti langu na tawi lake. Nilipokuwa navaa viatu pale mlangoni nilimsikia akimwambia yule mdogo, "Njoo ukae hapa, kula, ni chakula cha mama yako." Nikashuka vidaraja vya mlangoni nikaenda kwenye gari. Nilikaa ndani ya gari mpaka adhana ya Magharibi.

Ripoti niliiandika upya, na mara hii niliandika nilichokiona; nakala yake imo kwenye faili, someni. Miaka iliyobakia nilirudi bondeni kila vuli na Kiroboto. Penye jamvi na moto nilisimama, najisi au si najisi, nikatazama vijiti kwanza, watu wakanicheka, wengine wakanikasirikia. Mara mbili nilikuta haban. Mara mbili tu. Kiroboto alikufa mwaka jana kwa uzee, mlinzi akamzika nyuma ya maegesho.

Rayya hunipigia simu siku ya Idi. Huniambia watoto wako darasa la ngapi, na mdogo amepoteza meno gani. Idi iliyopita nikapata ujasiri nikamuuliza kama Bi Shemsa huwa ananitaja.

"Hapana, ami," akasema. "Lakini yupo hapa. Tunapika pamoja."

Nikamwambia aniombee radhi kwake, akasema ataniombea, na tukaagana.